Fundo la Fito Tatu

Nilikuwa nimeingia dukani kununua betri za redio ya mama, basi. Sikuwa na shari na mtu siku ile, na mimi ni mtu ambaye hasira zangu hazihitaji kuitwa mara mbili.

Kwenye rafu nyuma ya muuzaji, kati ya sabuni na majani ya chai, kulikuwa na makopo ya plastiki yamepangwa safu. Rangi yake ya majani makavu. Chini mapana, katikati yamebanwa, juu yanafunguka tena. Nilisahau betri pale pale.

"Hebu nipe hilo kopo," nikamwambia muuzaji.

"Unga wa ulezi huo, dada. Umeingia juzi tu, na unakwenda kweli kweli."

Nikalishika. Pale lilipobanwa palikuwa na duara la vifundo vya plastiki, vimejitokeza kidogo. Nikapitisha kidole gumba, nikahesabu. Kumi na kimoja vidogo, vinalingana. Cha kumi na mbili kikubwa. Nikazungusha tena, maana nilitaka niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Inabidi nieleze. Mama yangu anasuka vikapu vya kujaza mikono miwili. Mimi nasaga ulezi, natia unga kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko unaingia kwenye kikapu, nakibandika lebo, nauza. Tumefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba watu hawaniulizi tena unga wa nani. Wanasema, "Tupe ule wa kiuno." Kikapu cha mama kina fito ishirini na tano zinazosimama, na ukindu unapita mbele na nyuma ya kila ufito. Hesabu ya fito haiwi shufwa hata siku moja, kwa sababu ikiwa shufwa ukindu unarudi pale pale ulipopita na kikapu hakishikani. Sasa mama akifika katikati anazifunga fito mbilimbili, ndipo kiuno kinapotokea. Ukifunga ishirini na tano mbilimbili, mmoja unabaki peke yake. Mama anaufunga pamoja na wenzake wawili. Kwa hiyo kila kikapu chake kina fundo moja nene. Kina kazi, lile fundo. Limeshika ufito ambao ungebaki yatima.

Plastiki haina fito. Kifundo kikubwa cha nini pale? Aliyetengeneza kopo lile alikuwa na kikapu cha mama mezani, akakinakili mpaka na kile asichokielewa.

Nilinunua kopo. Sikusubiri hata kurudi nyumbani nikapoa. Mwenye unga ule nilimjua, kama anavyojulikana na kila mtu mjini: malori yake yanapakia nafaka kwenda mpakani Kasesya hadi ng'ambo. Ghala lake halikuwa mbali. Nikaenda kwa miguu, kopo mkononi, upepo wa baridi unanipiga usoni nami nawaka.

Alikuwa ameketi nje ya ghala, mtu wa makamo, mpole wa kupitiliza. Wapole wa namna ile wananiudhi zaidi kuliko wakali.

"Karibu dada yangu. Kaa kwanza, uletewe chai."

"Sikai. Umbo la kopo hili umelitoa wapi?"

"Nimetengenezesha."

"Nakuuliza umelitoa wapi."

Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na lebo yangu, imebanduliwa vizuri kwenye kikapu, haina hata mkunjo. Akaisoma taratibu kama mtu anayesoma somo kanisani. "Kikapu cha asili, kama walivyotumia mababu zetu wa Ufipa." Akanitazama. "Hayo si maneno yako? Mababu zako si ndio mababu zangu? Mimi pia Mfipa."

Hasira zangu zilinikimbia. Mimi! Nikabaki nimeshika kopo.

"Nimeshapeleka maombi kwa Msajili, Dar es Salaam," akaendelea. "Umbo hili lisajiliwe kuwa alama ya biashara yangu. Limeshatangazwa, mwenye pingamizi aseme. Likipita, itabidi mtafute umbo lingine la kikapu. Ila usiwe na wasiwasi, dada, njoo tuongee. Mama anaweza kusuka kwa ruhusa yangu, sina neno."

Kwa ruhusa yake. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikaondoka kabla sijamrushia kopo.

Siku ya pili yake nilikuwa kwa wakili, binti mdogo kuliko mimi aliyefungua ofisi karibu na soko. Nilimpangia mezani kikapu, kopo na lebo. Alivishika kimoja kimoja. Kwenye fundo nene alitabasamu. Kwenye lebo tabasamu likaisha.

"Dada, haya maneno uliyaandika wewe?"

"Ndiyo."

"Ni kweli?"

Nikakohoa. Nilikuwa najua kwamba vikapu vya majirani wote, tangu nikiwa mtoto, vilikuwa vimenyooka kama ndoo. Cha mama peke yake ndicho kilichokuwa na kiuno. Lakini mwaka fulani kwenye maonyesho ya wakulima mgeni mmoja alikigeuza geuza kikapu akaniuliza, "Hiki ni cha asili?" Nikajibu, "Cha asili kabisa!" Akachukua vyote nilivyokuwa navyo. Nikarudi nikachapisha lebo. Kwetu kitu kikishakuwa cha zamani kidogo tunakiita cha asili na mambo yanaisha. Nani angefuatilia?

"Si kweli sana," nikamwambia wakili.

"Basi sikiliza. Siku za kuweka pingamizi zimebaki chache. Umbo la kifungashio linaweza kuwa alama ya biashara, lakini mpaka mtu akiliona ajue limetoka kwa nani. Tuna njia mbili. Tukisema umbo hili ni la Wafipa wote, yule bwana hapati. Na ninyi hampati. Tukisema ni la bibi, mama yako, amelianzisha yeye, wateja wanalijua kuwa ni lenu, hapo tunazuia maombi yake na tunapeleka ya kwetu kwa jina la bibi. Ila bibi mwenyewe lazima aseme kiuno kilianzaje. Na wewe lazima useme kuhusu lebo, kwa sababu wao watainua lebo kabla hamjakaa."

"Tunachukua ya pili," nikasema. Sikufikiri hata dakika. Mama yangu alikuwa amesuka vikapu vile tangu kabla sijazaliwa, na sasa mtu mwenye malori anataka kumpa ruhusa!

Nikapanda kijijini. Nilimkuta mama uani, amekalia kigoda, miguu imenyooshwa juani, kikapu kimefika nusu. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho, akauliza, "Betri zangu ziko wapi?"

"Nimesahau, mama."

"Umesahau." Akavuta ukindu. "Mjini kote kule."

Nikampa kopo. Akalipokea kwa mkono mmoja, akalitazama juu, akalitazama chini, akaanza kulizungusha. Nikaona kidole gumba chake kinapita juu ya vifundo, taratibu, mpaka kikasimama.

"Amefunga tatu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Amejuaje?"

Nikamweleza yote: ghala, maombi, wakili. La lebo nililigusa juu juu tu. Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza miaka ishirini iliyopita. Nikasema, mama, kiuno hiki ulikitoa wapi?

Kuku walipita kati yetu, akawafukuza kwa mguu. Halafu akaanza kuzungumza Kifipa, lugha anayoitumia anapokuwa hataki kurudia jambo mara mbili.

Alikuwa mwali, alisema, ndio kwanza ameolewa. Kwa ukoo wa baba yangu ilikuwa desturi bibi harusi kupeleka ulezi wa mavuno yake ya kwanza kwa mama mkwe, ndani ya kikapu alichokisuka mwenyewe. Alikisuka siku tatu. Siku ya kupeleka, ukindu umefika katikati, ufito mmoja ukavunjika. Hapakuwa na muda wa kufumua. Akachomeka ufito mwingine mahali pa ule uliovunjika, lakini ulikuwa unacheza, ukindu hauushiki. Akaufunga pamoja na jirani zake wawili. Kikapu kikapinda upande ule. Ili kisipinde, akazifunga na zile nyingine, mbilimbili, kuzunguka kote. Kikasimama wima, lakini kimekatika katikati. Akaenda nacho hivyo hivyo, akitetemeka.

"Mama mkwe wangu alikitundika mlangoni," akasema. "Waliopita wote akawaambia, tazameni, huyu ndiye mke tuliyeletewa, kikapu chake kina kiuno. Mawifi wakacheka mpaka machozi. Kilikaa pale mlangoni mpaka mvua zilipoanza."

"Kwa nini hukusuka kilichonyooka baada ya hapo?"

Ndipo akanitazama. "Nilikataa! Walinicheka, nikasema basi, sisuki cha namna nyingine mpaka nife. Wachoke wenyewe."

Nilijua sasa hasira zangu nilizirithi wapi. Nikamwambia hayo ndiyo maneno anayotakiwa kuyasema mbele ya Msajili. Uso wake ukafunga.

"Mawifi zangu wawili wako hai. Wanakaa pale na pale." Akaonyesha kwa kidevu. "Watu wanasema vikapu vyangu ni vizuri. Wamesahau. Wewe unataka nikawakumbushe?"

"Mama, ukinyamaza kitakuwa cha yule bwana. Utasuka kwa ruhusa yake."

"Ruhusa ya nani?"

"Yake. Kasema yeye mwenyewe, mama anaweza kusuka kwa ruhusa yangu."

Mkono wake ulisimama juu ya fito. Nilingoja alipuke. Hakulipuka. Alisema tu, "Nenda zako. Na uniletee betri." Sikujua kama ni ndiyo au hapana, na yule ukimsukuma ndio unamharibu kabisa.

Wakili aliweka pingamizi, akapeleka na maombi yetu. Miezi ikapita katika kungoja. Kopo la plastiki likaenea: nililiona Muze, nikaambiwa limefika hadi Kirando ziwani, wanawake wanauzia dagaa kavu ndani yake likiisha unga. Mteja wangu wa siku nyingi aliniambia, kwa wema kabisa, "Na ninyi siku hizi mmehamia kwenye plastiki, hongereni." Nililia njiani kama mtoto. Tarehe ya kusikilizwa ilipotoka nilimpelekea mama taarifa, pamoja na betri. Akachukua betri.

Asubuhi yenyewe nilikuwa nimeshakata tamaa. Usikilizwaji ulikuwa kwa njia ya video, katika ukumbi mdogo wa ofisi hapo mjini, Msajili akiwa Dar es Salaam kwenye skrini. Nikashuka kwenye bodaboda mlangoni, na nani amekaa kwenye ngazi? Mama. Amevaa kitenge cha kanisani, kikapu kisichomalizika mapajani. Alikuwa amekuja na gari la maziwa tangu alfajiri.

"Umechelewa," akaniambia.

Tuliingia. Yule mfanyabiashara alinisalimia vizuri, akamwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, mama akaitikia marahaba bila kumtazama. Wakili wake alikuwa mzee mwenye sauti nzuri. Na kweli, kabla hatujakaa sawasawa, lebo yangu ilikuwa juu mbele ya kamera.

"Mheshimiwa Msajili, upande wa pili unadai umbo hili ni la mtu mmoja. Lakini wao wenyewe kwa miaka yote wamewaambia wanunuzi kwamba ni la mababu wa Ufipa. Leo wanageuka. Tuamini lipi?"

Msajili, mama mmoja mwenye miwani, alisogea karibu na kamera. "Na kama ni la mababu wa Ufipa wote, mteja wako analiombaje liwe lake peke yake?"

Mzee akasema mteja wake ameliboresha kwa plastiki. Msajili akaomba kopo lionyeshwe, lizungushwe. "Simamisha hapo," akasema. "Hicho kifundo kimoja ni kikubwa. Kwa nini?"

Mfanyabiashara akajibu mwenyewe. "Ni pambo tu, mheshimiwa."

"Pambo moja upande mmoja?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Pambo."

Mama akaitwa. Alisimama na kikapu chake, mdogo mbele ya skrini ile, akageuka kukitazama kiti alichotoka. Nikadhani ataketi. Kisha akaanza, Kiswahili chake cha kijijini kimejaa Kifipa, akasema yote. Ufito ulivyovunjika. Mama mkwe. Mlango. Kucheka kwa mawifi. Hakuficha hata kidogo, na ukumbi ule ulikuwa na watu wanaowajua mawifi wale kwa sura. Mwishoni akakiinua kikapu, akafunga fito mbilimbili pale pale, vidole vinakwenda haraka, mpaka ukabaki mmoja.

"Huu utaupeleka wapi?" akamwuliza mfanyabiashara.

Akamgeukia wakili wake.

Mama akaufunga na wenzake wawili. "Hilo ndilo pambo lako."

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini zamu yangu ilikuwa imefika, na wakili yule mzee alikuwa ameshageukia kwangu na lebo. Je, maneno haya ni yako? Ni yangu. Mama yako aliyajua? Hakuyajua, hasomi. Je, yalikuwa kweli?

Mama alikuwa ananitazama. Kabla ya siku ile hakujua lebo ilisema nini, kwa sababu sikuwahi kumsomea hata mara moja. Nikaona anasubiri jibu kuliko hata Msajili.

"Yalikuwa uongo," nikasema. "Niliandika ili unga uuzike."

"Kwa miaka mingapi?"

"Yote."

Nikaketi. Mama alirudisha mikono kwenye kikapu, akaendelea kusuka humo humo ukumbini mpaka tulipoambiwa twende.

Uamuzi ulikuja baadaye, kurasa kadhaa. Nilipanda nao kijijini. Alikuwa uani palepale, kigoda kile kile, redio inazungumza pembeni. Akaizima.

"Soma."

Nikasoma, nikitafsiri nilipoweza. Maombi ya yule bwana yamekataliwa: umbo si lake, amelinakili, na ushahidi ni kifundo.

"Sawa," akasema mama. "Endelea."

Nikaendelea. Msajili alikubali kwamba kiuno kilianzia mikononi mwa mama. Lakini alama ya biashara, aliandika, ni kile ambacho wanunuzi wanakijua, na wanunuzi kwa miaka yote walikuwa wameambiwa na lebo yetu wenyewe kwamba umbo hili ni urithi wa watu wote wa Ufipa. Wameamini. Wasukaji wengine nao wameamini, wameanza kusuka vya kiuno na kuviuza sokoni. Kwa hiyo na maombi yetu yamekataliwa.

"Kwa hiyo si chake," mama akasema.

"Si chake, mama."

"Na si changu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa ni cha nani?"

"Cha wote, mama. Wamesema ni cha wote."

Aliutazama mlango wa nyumba. Kisha akachukua kikapu kilichokuwa pembeni yake, kimefika katikati, fito zimesimama zinasubiri kufungwa.

"Wote," akasema. "Wote walikuwa wapi siku ufito ulipovunjika?"

Nilipiga magoti nikamshikia zile fito tatu za mwisho, na yeye akafunga.